Barua kwa Mpwa Wangu wa Lexington, Kuhusu Bastola Aliyoivaa

Nyantende, Jumapili, baada ya misa ya pili

Mpwa wangu,

Huku tu wazima, ukiondoa goti langu na mtandao wa simu. Mvua imeanza vizuri, maharage yamechanua, ila migomba inazidi kunyauka kwa ugonjwa, na kasiksi yetu ya ndizi imekuwa kitu cha kusimuliwa.

Sauti yako ya WhatsApp ilifika Alhamisi. Dakika sita! Ilinibidi nipande kilimani ndipo ifunguke, nami nikafanya kosa la kuisikiliza pale pale, mama yako akiwa ubavuni mwangu na jembe lake. Alisikia yote. Alisikia umepata leseni, akasikia umenunua bastola, akasikia na swali lako: "Mjomba, niivae kila siku, ama siku moja moja tu?" Hajanitajia jambo hilo tangu hapo. Jioni yake nilimkuta anachambua mbegu za maharage ambazo alikuwa amekwisha kuzichambua juma lililopita.

Nimeona nisikujibu kwa sauti. Maneno ya sauti hupita kama pikipiki inayoshuka kwenda Panzi. Nimeandika kwa mkono, na kijana wa jirani atapiga picha ukurasa mmoja mmoja akutumie. Usome polepole, usisome kazini.

Kwanza nakushukuru kwa kuuliza. Wengi hununua bila kuuliza, maswali yakaja kuulizwa na polisi.

Umenieleza sheria ya Kentucky nami nimeishika: kwamba tangu Juni 2019 mtu mzima wa miaka 21, asiyekatazwa na sheria, anaruhusiwa kuficha bastola mwilini hata bila leseni. Wewe ukaitafuta leseni hivyo hivyo, ili iheshimiwe pia kwenye majimbo mengine. Umeketi darasani siku nzima, ukaenda uwanjani, ukapiga risasi 20 kwenye karatasi yenye umbo la mtu. Wanataka 11 zimpate. Wewe umempata kwa 14, hongera.

Lakini mimi nilikuwa karani, na karani hawezi kuona hesabu akaiacha. Sheria inaridhika na 11. Tisa zilizobaki zinakwenda wapi? Uwanjani zinaingia kwenye kilima cha udongo nyuma ya karatasi. Njiani hakuna kilima cha udongo. Nyuma ya mwizi kuna dirisha la mtu, kuna gari limesimama kwenye taa nyekundu, kuna mama anasukuma mtoto. Halafu yule wa karatasi hakukimbia, hakupiga kelele, wala hakuwa na kitu mkononi ambacho ungeweza kukidhania vibaya. Na wewe ulikuwa umelala usiku kucha, umekunywa chai.

Rafiki yako anakwambia bastola ni kama mshipi wa suruali, hauvuliwi mpaka kulala, kwa kuwa siku utakayoiacha ndiyo siku utakayoihitaji. Ananisikitisha kwa sababu neno hilo nalijua. Nililisema mwenyewe, karibu miaka 40 iliyopita. Hili sijakusimulia, na mama yako analijua nusu.

Nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba moja la chai. Noti za zaire zilikuwa zinapoteza thamani, kwa hiyo mfuko wa mshahara ulizidi kuwa mzito huku vitu vya kununua vikizidi kupungua. Wezi walijua siku yetu. Sheria ya silaha ilikuwa mpya, ile ya Septemba 1985, na bwana shamba alipenda kila kitu kiwe na muhuri. Mwaka 1986 nikapewa kibali chenye picha yangu, na bastola ya Browning ya Kibelgiji iliyokuwa imenizidi umri. Niliivaa chini ya kwapa la kushoto, kwenye ala ya ngozi, ndani ya abakosti.

Hujawahi kuvaa abakosti, bahati yako. Mobutu alikuwa amepiga marufuku koti na tai za kizungu, wanaume wa ofisi wote tukavaa vazi lile lililofungwa hadi karibu na koo. Kuitoa bastola kulinidai vifungo vitatu. Mara nyingi nimejiuliza ni mwizi gani angeningoja.

Mwanzo niliivaa siku za mshahara tu, mara mbili kwa mwezi. Halafu mishahara ikaanza kuchelewa, hakuna aliyejua itatoka lini, nikaivaa juma zima. Halafu nikaivaa na Jumapili, kwa sababu kuiacha nyumbani na watoto kuliniogopesha kuliko kwenda nayo kanisani. Unaona ilivyo? Hakuna aliyeniamuru niivae kila siku. Hofu ya kwanza ilizaa ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, mwisho nikawa naivaa kwa kuwa ipo.

Nayo ilinigeuza bila mimi kujua. Kanisani nikahamia benchi la nyuma, mgongo ukutani. Nikaacha kuwabeba watoto upande wa kushoto. Shemeji akitaka kunikumbatia, nilimpa mkono mrefu kama padri mgeni. Nikawa namtazama mtu mikono kabla sijamtazama uso. Kwetu anayekutazama hivyo ni mtu unayemdai au mtu anayekuogopa, na watu wakaanza kujiuliza mimi ni yupi.

Jioni moja lori lilinishusha barabarani nikashika njia ya nyumbani kwa miguu. Ilikuwa imenyesha, ukungu umelala juu ya migomba. Nikasikia miguu mitupu nyuma yangu, kwenye tope, inakimbia, na sauti inaita kitu nisichokisikia vizuri. Nilifungua vifungo viwili, cha tatu nikakikata. Nikageuka nayo mkononi.

Alikuwa mtoto wa miaka 12 hivi. Alisimama kama hatua nne kutoka kwangu. Mkononi alikuwa na mwavuli wangu, niliousahau kwenye lori. Alikuwa ameushika kwa ncha, mpini umenielekea mimi, kama tulivyomfundisha kila mtoto hapa kumpa mkubwa kitu. Hakulia. Aliinama, akauweka mwavuli chini kwenye tope, polepole kabisa, akarudi kinyumenyume mpaka ukungu ukamfunika. Kidole changu kilikuwa wapi wakati ule, sijui mpaka leo. Nimejaribu kukumbuka, na kila nikikumbuka nakiona mahali tofauti.

Nyumba yao ndiyo iliyotuuzia maziwa. Tangu kesho yake maziwa yakaletwa na dada yake. Mama yao hakuniuliza neno. Bei haikupanda, kipimo hakikupungua, ila yule mtoto hakukanyaga tena uani kwangu. Leo ni baba wa watu. Tunasalimiana kila Jumapili kwa kupeana amani, na mkono wake huutoa haraka mkononi mwangu.

Hesabu zote za serikali, za huku na za huko kwenu, zitasema siku ile hakuna kilichotokea. Sikufyatua, hakuna aliyeumia. Mwenye kibali alikwenda nyumbani na mwavuli wake.

Utaniambia, "Mjomba, hiyo ilikuwa Zaire." Basi niache nimalize Zaire. Mwezi wa Oktoba 1996 wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako, una miaka minne. Tarehe 29 walimuua Askofu Mkuu Munzihirwa pale Nyawera, mjini Bukavu, na sisi huku tukaelewa kwamba hakuna mtu mkubwa wala mdogo. Wanajeshi waliokuwa wanakimbia walipita wakichukua mbuzi, redio, viatu. Nikaifunga bastola kwa nailoni nikaitupa chooni. Nilijiona mwerevu. Walipofika wale waliowafukuza, mtu akawanong'oneza kwamba karani ana silaha. Nikatoa kibali changu, kile chenye picha na muhuri, nikidhani karatasi itanitetea. Karatasi ndiyo iliyonihukumu: mwenye kibali ana bunduki, bunduki iko wapi? Waliwalazimisha vijana wawili wafukue choo, na mimi wakanipiga mpaka ilipopatikana. Goti ninalolilalamikia katika kila barua ni la siku ile. Nimekuwa nikiwaambia ni uzee.

Na juzijuzi tu, Februari 2025, mji wa Bukavu ulipobadilisha mikono tena, silaha zilizagaa hadi zikaokotwa na watoto. Gereza lilifunguka, maghala yakaporwa, vijana wakapita mitaani na bunduki ndefu kuliko wao. Tarehe 18 ya mwezi ule Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema, kutoka Geneva, kwamba imethibitisha watoto waliouawa na kundi la M23 baada ya mji kuingiwa, na kwamba kulikuwa na watoto walioshika silaha. Sitaandika zaidi ya hapo. Barua siku hizi husomwa na wengi.

Sasa nije kwenu. Nakubali Marekani kuna sheria, na leseni yako hatakuja mtu kuifukulia choo. Lakini mjukuu wangu anayesoma Bukavu ameniwekea kwenye simu habari za mtu mmoja, Philando Castile. Alikuwa na miaka 32, akifanya kazi jikoni kwenye shule ya watoto huko Minnesota. Julai 2016 polisi alimsimamisha barabarani. Alikuwa na leseni kama yako. Kwa adabu akamwambia polisi kwamba ana silaha, na baada ya sekunde chache akafyatuliwa risasi saba, mchumba wake kando yake, na mtoto wa kike wa miaka minne kiti cha nyuma. Mwaka uliofuata mahakama ikamwachilia polisi. Castile alifanya kila kitu ambacho mwalimu wako wa leseni anawafundisha.

Na Patrick Lyoya huna haja ya kusimuliwa na mimi. Mkongomani mwenzako, miaka 26, Grand Rapids, tarehe 4 Aprili 2022. Gari lilisimamishwa kwa ajili ya namba yake, wakakabana, akapigwa risasi kichwani amelala kifudifudi. Hakuwa na bunduki. Wazee wa baraza la mahakama hawakukubaliana, na Mei 2025 kesi ikavunjika bila hukumu. Nilimwona baba yake kwenye simu akizungumza Kiswahili mbele ya Wamarekani, mkalimani ameketi kando, nikazima kabla hajamaliza. Basi fikiria polisi huyohuyo, asubuhi hiyohiyo, na wewe una chuma kiunoni. Mikono yako utaiweka wapi?

Wewe umenitajia kijana wa Greenwood, Indiana, na ni haki yako kumtaja. Julai 2022, mtu ameingia madukani ameua watu watatu. Kijana wa miaka 22 aliyekuwa amevaa bastola yake akamwangusha ndani ya sekunde 15. Alifanya kazi ya mwanaume, na ningekuwa mzazi wa mtu aliyekuwa mle ndani ningekwenda kwao na mbuzi. Sitaki kuipunguza habari yake. Ila mwaka mmoja kabla yake, Arvada, Colorado, mtu mwingine aitwaye Johnny Hurley alifanya vilevile. Muuaji alikuwa amekwisha kumuua polisi, Hurley akampiga, akaichukua ile bunduki kubwa mkononi mwake. Polisi wa pili akafika, akaona mtu ameshika bunduki, akamuua Hurley. Wote wawili walikuwa majasiri sawa. Aliyeamua nani arudi nyumbani ni yule aliyefika baadaye na alichokiona kwa kutupa jicho, na wewe mpwa wangu unajua ukitupiwa jicho barabarani unaonekana nani.

Nikuambie jambo moja ambalo nimelifikiri sana nikipalilia. Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwa Daktari Mukwege, Bukavu, wakawashika mabinti zake wakimngoja. Mlinzi wake alijaribu kumwokoa, wakamuua. Daktari alisalimika, akaenda Ulaya. Januari iliyofuata akarudi, akina mama wakiwa wamechanga pesa za tiketi yake. Akahamia ndani ya uwanja wa hospitali ya Panzi, akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Askari wale walisimama langoni, bunduki nje, kofia za bluu, kila mpita njia anaziona. Ulinzi unaomfanya adui aghairi ni ule anaouona akiwa bado mbali. Bastola iliyofichwa haimwogopeshi mtu, maana hakuna anayeijua. Inaanza kusema siku inapotoka, na ikishatoka mazungumzo yameisha. Mwizi aliyetaka simu yako sasa anapigania roho yake.

Sisi huku, usiku wakija wezi, unakumbuka tunafanya nini: filimbi, masufuria, kelele za mtaa mzima. Mara nyingine inasaidia, mara nyingine jirani anajifunika blanketi mpaka kichwani. Siwezi kukudanganya. Lakini filimbi haijawahi kumpiga mtoto aliyeleta mwavuli.

Na kuna sisi wenyewe, yaani watu wa kwetu tulivyo. Mwaka 2004, wanajeshi waasi wa Nkunda na Mutebutsi walipouteka mji wa Bukavu, ulikuwa na miaka 12, ulikaa siku tatu chini ya kitanda kwa shangazi yako Kadutu. Baadaye Nakivale, Uganda, miaka katika kambi ya wakimbizi. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwenzako wa darasa la leseni, aliyekua akivua samaki na babu yake, akisikia hatua nyuma yake penye magari, anasikia hatua. Wewe unasikia mengine. Sisemi una kasoro. Nasema mkono wako una kumbukumbu ambayo yule mwalimu hakuiuliza kwenye fomu.

Nimezunguka sana kama mtu anayetafuta pa kuvukia mto. Sasa nivuke.

Siwaogopi wezi wa Lexington. Naogopa ule usiku wa Januari uliponipigia saa tisa kwenu, huku ikiwa saa nne ya asubuhi, nami niko shambani. Ulikuwa umetoka kazi ya ghalani, umekaa garini mbele ya nyumba yako, theluji imefunika kioo, na hukutaka kuingia ndani kwa mke wako. Ulisema, "Mjomba, nimechoka, nataka kulala nisiamke." Niliketi kwenye mtaro nikasema nawe chochote kilichonijia: bei ya mbuzi, ugomvi wa kwaya, jino la mama yako. Mtandao ulikatika mara tatu, na mara tatu wewe ukapiga tena. Ile ya tatu ulichelewa. Zilipita kama dakika nne. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, jembe bado mkononi. Halafu simu ikalia.

Katika dakika nne zile, ndani ya gari mlikuwamo wewe na simu. Sasa kutakuwamo na wa tatu.

Ulisema kwenye sauti yako kwamba bastola ni kwa ajili ya watu wabaya. Mjukuu amenisomea kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki Marekani wanajiua wenyewe. Mwaka 2023 peke yake walipita 27,000. Nilimwambia arudie. Kila mmoja wao, nadhani, alipoinunua alikuwa anamfikiria mtu mwingine.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili, na nalitoa kama mjomba, si kama mtu wa sheria. Iwe nyumbani, imefungwa kwenye sanduku la chuma, risasi mahali pengine, ufunguo mahali ambapo wale watoto wako wawili hawafiki hata wakipanda kiti. Siku unapotaka kutoka nayo, simama mlangoni uniambie kimoyomoyo inakwenda kufanya kazi gani, kwa sentensi moja. Ukinijibu, "Nimefuatiliwa mara mbili juma hili na mtu ninayemjua, nimekwisha kuandikisha polisi, na leo nitapita alikonifuatilia," nitakuelewa, ingawa nitakuomba upite njia nyingine. Ukinijibu, "Huwezi kujua," irudishe. Mimi kwa "huwezi kujua" niliivaa miaka kumi. Na kama rafiki yako anasema huko kila mtu anaivaa, mwambie watafiti wa Pew waliwauliza Wamarekani wenye bastola mwaka 2017, karibu robo tu wakasema wanatoka nayo kila wakati au mara nyingi.

Mahali pengine usiende nayo hata ukiwa na sentensi kumi. Pale mnapokunywa, kwanza. Bar zenyewe sheria yenu inazikataa, ila mimi nasema hata sebuleni kwa mtu, mkiwa na chupa. Mikutano ya jamii ya Wakongomani, hasa ile ya kuchagua kamati, nimeona video zake. Misani. Usiiache garini pia, kioo huvunjwa kwa jiwe. Harusi za Chicago usiende nayo kabisa: Illinois haitambui leseni ya Kentucky, ukishuka garini imekukaa kiunoni umekuwa mhalifu. Na makaratasi yako bado ni ya ukaaji, si ya uraia. Kosa la bunduki kwa mtu asiye raia linaweza kumfukuzisha nchini, awe ameishi huko miaka mingapi. Ulikaa Nakivale muda mrefu ukiyangoja makaratasi hayo.

Na siku zile nzito zikija, nawe unazijua zinavyoanza, usingizi ukikukimbia na chakula kikakosa chumvi, ipeleke kwa yule mzee wa kwaya yenu, wa Bagira. Usimweleze sana. Mwambie, "Mjomba wangu amesema ikae kwako." Kwa Mushi yeyote, mtu wa kabila letu, hiyo inatosha. Akae nayo mpaka umalize kuonana na daktari, na kama ataona uchelewe kuichukua, usimsumbue. Mke wako aijue mipango hii. Asipoijua, hakuna mpango.

Nakungoja unijibu kwa maandishi, au hata kwa sauti, lakini mtumie kwanza mama yako picha ya watoto ili aache yale maharage.

Kibali changu bado ninacho. Waliichukua bastola wakanitupia karatasi usoni, nikaiokota. Karani haachi karatasi. Iko ndani ya bati la biskuti pamoja na vyeti vya ubatizo, muhuri unasomeka, na mimi pichani nina nywele. Mwezi uliopita mdogo wa wajukuu alilifungua bati, akanitazama, akaitazama picha, akauliza hiki kilikuwa kibali cha nini. Nikamwambia cha baiskeli.

Mjomba wako